Kwangu Inafanya Kazi

Kuna sentensi moja ambayo kila mtu anayeandika msimbo ameisema, na wengi wetu tunaisema karibu kila wiki: "Kwangu inafanya kazi." Mteja anapiga simu kulalamika kwamba ukurasa umekwama, kitufe hakibonyezeki, maandishi yamepandana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Unafungua kompyuta yako, unabonyeza, kitu kinaitika. Unamjibu kwa upole: kwangu inafanya kazi. Na hujadanganya. Shida ya sentensi hii ni hiyo hiyo, kwamba ni ya kweli kabisa na bado inamwacha mtu amesimama nje ya mlango.

Swali langu linaonekana la kiufundi, lakini mimi naliona la maadili. Ukiandika mfano wa msimbo, ile mistari kumi au ishirini ambayo watu wataichukua na kuibandika kwenye kazi zao, una deni gani kwa mtu atakayeufungua kwenye kivinjari ambacho wewe hujawahi kukigusa? Sizungumzii programu nzima. Programu nzima ina mwenyewe, ina mkataba, ina mtu wa kulaumiwa. Mfano ni kama mbegu iliyoachwa kando ya njia. Anayepita anaokota, anapanda kwake, na hakuna anayekumbuka ilitoka shamba gani.

Kwa wale ambao hawaandiki msimbo, maelezo ni mafupi. Tovuti ni maandishi tu. HTML inasema hiki ni kichwa, hiki ni kisanduku cha kujaza jina. CSS inasema kikae wapi na kiwe rangi gani. JavaScript inasema kifanye nini ukikigusa. Kivinjari, iwe Chrome, Firefox, Safari au Opera Mini, ndicho kinachosoma maandishi hayo na kukuchorea ukurasa. Ili vyote visome kwa namna moja, kuna watu wanaokaa na kuandika kanuni: W3C, iliyoanzishwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994, WHATWG, iliyoanza mwaka 2004, na kamati ya TC39 inayosimamia lugha ya JavaScript. Lakini hakuna polisi. Hakuna alama ya KEBS ya kubandikwa kwenye tovuti. Ukivunja kanuni na kitu kikaonekana sawa machoni pa bosi, umemaliza kazi.

Mwaka jana mama mmoja jirani yetu alinijia na simu yake mkononi. "Kijana, hebu niangalizie hii simu. Nimejaza hii fomu tangu asubuhi na inakataa kwenda." Ilikuwa fomu ya basari ya mwanawe, ya ofisi ambayo sitaitaja. Alikuwa ameijaza vizuri kuliko mimi ningeijaza: jina, nambari ya kitambulisho, shule, karo inayodaiwa. Kitufe cha kutuma kilibaki kijivu. Alikuwa anatumia Opera Mini, kwa sababu inakula bando kidogo na simu yenyewe haina nafasi ya kuweka kitu kingine. Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa kesho yake.

Ili kuelewa kilichotokea, lazima ujue Opera Mini inavyofanya kazi ikiwa kwenye hali yake ya kubana data zaidi. Ukurasa hauji moja kwa moja kwenye simu yako. Seva za Opera zinauchukua, zinaendesha JavaScript yake kwa muda mfupi, kisha zinaubana na kukutumia kitu kilichokwisha kuchorwa. Kuanzia hapo, kila jambo linalohitaji msimbo ni lazima lirudi kwenye seva kwanza. Kwa hiyo msimbo unaongojea kusikia kila herufi unayoandika hausikii chochote. Na fomu ile ilijengwa hivyo hasa: kitufe kinafungwa tangu mwanzo, halafu JavaScript inasikiliza vidole vyako, na ikiridhika ndipo inakifungua. Mama yule alikuwa anagonga mlango ambao mlinzi wake ni kiziwi.

Niliufungua msimbo wa ukurasa ule kwenye kompyuta. Sehemu ile ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye mfano wa kufundishia, neno kwa neno. Hata maelezo ya mwandishi wa kwanza yalikuwa bado yamo, pamoja na onyo lake kwamba huu ni mfano tu. Tulijaza fomu upya kwenye kompyuta yangu, ikaenda. Kisha nikawaandikia wenye fomu. Walinijibu baada ya siku mbili, kwa heshima: tafadhali tumia Chrome, kwetu inafanya kazi.

Sasa, nani amekosea hapa? Jibu la haraka la watu wa fani yetu ni "fuata viwango." Lakini angalia vizuri. Ukurasa ule ulikuwa umefuata viwango. Hakuna mstari hata mmoja ambao W3C wangeukataa. Kufunga kitufe kunaruhusiwa, kusikiliza herufi kunaruhusiwa. Kilichokwenda kinyume na viwango ni Opera Mini yenyewe, kivinjari kilichoamua kuacha nusu ya kanuni ili mtu mwenye bando la shilingi ishirini afike mahali. Kwa sheria, mama ndiye aliyekosea kwa kuchagua kivinjari kibovu. Kama hitimisho hilo linakukera, karibu, hata mimi linanikera. Kufuata viwango na kumfikia mtu ni vitu viwili. Mara nyingi vinatembea pamoja, lakini si pacha.

Kinyume chake pia kimewahi kutokea, na kwa ukubwa. Microsoft walitoa Internet Explorer 6 mwaka 2001, wakashinda soko, kisha wakalala. Toleo la 7 lilikuja mwaka 2006. Katika miaka hiyo mitano viwango viliandikwa vizuri kwenye makaratasi, na kivinjari kilichokuwa kwenye kompyuta za watu wengi kilifanya mambo yake. Watengeneza tovuti wakajifunza kuandika kile ambacho IE inakubali. Mifano ya kufundishia ikaandikwa hivyo hivyo. Ukimwambia mtu msimbo wake ni makosa, anakuuliza: makosa kwa nani, kama watu wote wanauona?

Korea Kusini ndiko mfano huu ulikoumiza kuliko popote ninapopajua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilikuwa inazuia usimbaji fiche wenye nguvu usiuzwe nje, kwa hiyo Wakorea walitengeneza wao wenyewe, ukaitwa SEED. Uamuzi wa busara. Lakini vivinjari havikuijua SEED, kwa hiyo kila benki na kila ofisi ya serikali ilikuwekea programu ndogo kupitia ActiveX, teknolojia ya Microsoft iliyofanya kazi ndani ya Internet Explorer peke yake. Vizuizi vya Marekani vililegezwa mapema, dunia ikasonga mbele, na Wakorea wakabaki. Nchi yenye intaneti ya kasi kuliko karibu zote, na mtu hawezi kulipa bili bila kivinjari kimoja cha kampuni moja ya kigeni. Hadhi ya pekee ambayo sheria ilivipa vyeti vile vya kidijitali iliondolewa mwaka 2020. Microsoft walipostaafisha IE tarehe 15 Juni 2022, injinia mmoja Mkorea aliiagizia jiwe la kaburi na kuliweka kwenye mkahawa mjini Gyeongju. Watu walienda kupiga picha nalo. Nadhani walikuwa wanacheka kama mtu anavyocheka baada ya kulipa deni la miaka ishirini.

Hakuna aliyekusudia mabaya pale. Kila mtu alichukua kilichokuwa kinafanya kazi kwa jirani, na ilikuwa inafanya kazi kweli.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinahusu uongo. Kila mara kivinjari kinapoomba ukurasa, kinajitambulisha kwa seva kwa mstari mmoja wa maandishi. Kama una Chrome, mstari wako unaanza na neno "Mozilla". Chrome si Mozilla. Ukiendelea kusoma utakuta AppleWebKit, utakuta KHTML, utakuta Gecko, na mwisho kabisa utakuta Safari. Ni kama kitambulisho chenye majina ya koo tano na mwenyewe hayumo katika nne.

Ilianza hivi. Mozilla lilikuwa jina la ndani la Netscape, kivinjari kilichotamba katikati ya miaka ya 1990. Netscape iliweza kuonyesha kurasa zilizogawanywa kwa fremu, nyingine hazikuweza, kwa hiyo wenye tovuti wakaweka mlinzi: ukiwa Mozilla unapewa ukurasa mzuri, ukiwa mwingine unapewa makombo. Internet Explorer ikaja, nayo inaweza fremu, lakini mlinzi anauliza jina tu. Ikaamua kujiita Mozilla. Baadaye Konqueror, yenye injini ya KHTML, ikasema yeye ni kama Gecko, injini ya Mozilla mpya. Apple wakaichukua KHTML wakajenga Safari mwaka 2003, wakabeba na maneno yale. Google wakatoa Chrome mwaka 2008 juu ya kazi ya Apple, wakabeba mzigo wote. Opera nao walipofika toleo la 10 waligundua kwamba walinzi wengine wanasoma tarakimu ya kwanza tu, wanaona 1, wanadhani ni kivinjari cha kale. Kwa hiyo Opera 10 ikajitambulisha mlangoni kama 9.80.

Sisi tunaujua mchezo huu. Unaenda kutafuta nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba anakuuliza jina la pili kabla hajakuuliza kama una kodi. Watu wanajifunza kutaja jina la ubatizo peke yake. Wengine wana lafudhi mbili, ya nyumbani na ya mahojiano ya kazi. Immanuel Kant, mwaka 1797, alishikilia kwamba hupaswi kudanganya hata muuaji akibisha kukuuliza rafiki yako amejificha wapi. Naheshimu ugumu wa msimamo huo, lakini kivinjari cha Kant kisingefungua tovuti hata moja. Mimi naona mzigo wa uongo ule uko kwa aliyeuliza. Aliuliza swali ambalo jibu lake halihusiani na kile alichotaka kujua. Alitaka kujua kama mgeni anaweza kusoma fremu. Akauliza ni mtoto wa nani.

Na dawa ya kiufundi ipo, tena imekuwepo kwa miaka mingi: badala ya kuuliza wewe ni nani, msimbo uulize unaweza hiki? Mistari miwili tu ya JavaScript inaangalia kama kivinjari kina uwezo fulani, kikiwa nao kinatumia, kikikosa kinapita njia nyingine. CSS nayo ina njia yake ya kuuliza vivyo hivyo. Bado nakutana na mifano mipya kabisa inayouliza jina. Nikiiona moyo unashuka kidogo, kwa sababu najua mtu atakayeinakili hatajua kwamba amenakili ubaguzi. Kwake ni msimbo tu.

Turudi kwenye sheria na huruma. Mwaka 1980 Jon Postel, mmoja wa wajenzi wa intaneti, aliweka ushauri ambao watu wa mitandao wanaukariri mpaka leo: wewe unapotuma, kuwa mwangalifu kabisa, unapopokea cha mwingine, kuwa mvumilivu. Vivinjari vilifuata nusu ya pili kwa moyo wote. Usipofunga tagi, kinakufungia. Ukiandika ovyo, kinakisia ulitaka kusema nini. Matokeo yake wavuti ilijaa maandishi mabovu yanayoonekana mazuri.

Watu wa W3C walichoka. Mwaka 2000 wakatoa XHTML, lugha ile ile lakini yenye nidhamu ya XML: kosa moja dogo, tagi moja iliyosahaulika, na kivinjari kinachoifuata barabara hakionyeshi ukurasa, kinaonyesha ujumbe wa kosa. Ukiwa mwanafunzi kijana mwenye bidii, wazo hili linavutia. Hatimaye watu watajifunza! Wavivu watajulikana! Lakini fikiria ni nani anayeuona ule ujumbe wa kosa. Aliyekosea yuko ofisini, au amelala, au aliacha kazi mwaka juzi. Anayeadhibiwa ni msomaji aliyekuja kutafuta dawa iliyo salama kwa mtoto. Adhabu inamwangukia asiyejua hata kwamba kuna kosa.

Mwaka 2009 W3C waliacha kuendelea na XHTML 2. HTML5 ilichukua njia ambayo, nikiitazama kwa jicho la maadili, naiona ya ajabu kidogo: waliandika sheria za makosa. Yaani kanuni sasa inaeleza, hatua kwa hatua, kivinjari kifanye nini kikikutana na tagi ambayo haikufungwa, ili vyote vikosewe kwa namna moja na vyote visamehe kwa namna moja. Kosa bado ni kosa. Chombo cha kukagua bado kitakuonyesha. Ila msomaji hapotezi ukurasa wake kwa sababu yako. Ukali umebaki kwa mwandishi, huruma imekwenda kwa msomaji, na huruma yenyewe imeandikwa kwenye kitabu cha sheria badala ya kuachiwa hiari ya kila hakimu.

Sasa mifano. Simu za kisasa zilipoanza kushika kasi, vivinjari vilikuwa na desturi ya kuweka kiambishi kwenye vipengele vya CSS ambavyo bado ni vya majaribio. Cha Safari na Chrome kilikuwa -webkit-. Maana yake ilikuwa wazi: hiki ni cha kuchezea, kesho kinaweza kubadilika. Halafu wakaja waandishi wa mifano na maonyesho. Ilikuwa raha, kivuli laini hapa, kisanduku kinachozunguka pale. Waliandika -webkit- peke yake kwa sababu ndiyo simu waliyokuwa nayo, na kwa sababu kuongeza mistari mingine mitatu kungeharibu urembo wa mfano. Watu wakanakili. Wakanakili kwenye mabenki, magazeti, maduka. Kufikia mwaka 2012 Opera walitangaza kwamba hawana budi kuanza kuelewa viambishi vya mwenzao, la sivyo wateja wao wanaona kurasa zilizovunjika. Firefox nao wakafuata mwaka 2016. Leo WHATWG wana kiwango kizima cha kuorodhesha vitu kama hivyo, na -webkit- imo. Kitu cha majaribio cha kampuni moja kimekuwa sheria ya wote, na kilichokipitisha si bunge wala kamati. Ni mifano.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema "lakini niliandika kwamba ni mfano tu." Onyo lile ni la kweli kama ile "kwangu inafanya kazi" ilivyo ya kweli. Unajua watanakili. Unaandika ili wanakili. Mfano usionakiliwa umeshindwa kazi yake.

Na kinachonakiliwa hakifi. Mwaka 2018 kamati ya JavaScript ilitaka kuongeza uwezo wa kusawazisha orodha zilizo ndani ya orodha, na jina la kawaida kabisa lilikuwa flatten. Ikagundulika kwamba maktaba ya zamani iitwayo MooTools ilikuwa imejichukulia jina hilo miaka mingi nyuma, kwa njia ambayo ingefanya tovuti za kale zivunjike. Palikuwa na mabishano makali. Wengine waliuliza kwa nini lugha inayotumiwa na dunia nzima iinamie kurasa ambazo labda hakuna anayezitunza. Mwishowe jina likawa flat. Kila programa anayeandika neno hilo fupi leo anawapisha njia watu asiowajua, wenye tovuti ambazo huenda wenyewe walishakufa. Mimi napenda hilo. Lakini pia naelewa aliyekasirika, kwa sababu wazee wakipewa kura ya turufu katika kila jambo hakuna kitakachojengwa.

Kuna kitu kingine ambacho wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kukiona haraka kuliko wengine. Mwaka 1928 maafisa wa kikoloni walikutana Mombasa wakakubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisimamia ikaanza kazi mwaka 1930. Walikutania kwenye mji wa Kimvita ili kukiacha Kimvita, lahaja yenye utenzi na ushairi wa karne kadhaa. Kimvita hakikuwa na kosa lolote la sarufi. Kilikuwa tu si kile kilichochaguliwa, na kuanzia hapo mtoto wa Mombasa akiandika insha shuleni kama mama yake anavyosema, anapigiwa msalaba. Hata hivyo, nikiandika hapa Nairobi, mtu wa Bukavu au Mwanza ananielewa, na ni kwa sababu ya uamuzi ule ule. Sijui namna ya kuyaweka mambo haya mawili kwenye mzani mmoja. Ninachojua ni kwamba kiwango hakiteremki kutoka mbinguni. Kuna aliyekuwa ndani ya chumba, na kuna anayelazimika kujitafsiri.

Kwenye vivinjari chumba kinazidi kuwa kidogo. Microsoft walitangaza Desemba 2018 kwamba wanaacha injini yao na kuhamia Chromium, msingi wa Chrome, na Edge mpya ikatoka Januari 2020. Injini kubwa zilizobaki ni ya Chromium, ya Apple na ya Firefox. Kwa hiyo leo mtu anayejaribu mfano wake kwenye Chrome peke yake anaona kama amejaribu kila mahali, kama vile mtu wa mwaka 2003 alivyoona na IE yake. Chrome si mbovu kama IE ilivyokuwa. Ni nzuri, ndiyo maana hatari haionekani.

Rafiki yangu mmoja tunayefanya kazi pamoja ananiona nimepotea. Hoja zake si za kijinga. Anasema vivinjari vya zamani vina mashimo ya usalama na kuvihudumia ni kuwabembeleza watu wabaki hatarini. Anasema yeye ana kompyuta moja na simu moja, hawezi kudaiwa ushahidi wa vifaa asivyo navyo. Tena anasema, na hapa ananibana, kwamba kampuni ya watu wawili huku Ngong Road haiwezi kubeba mzigo ambao Google wenyewe wanaukwepa. "Wewe unataka niandike msimbo wa makaburini," ananiambia.

Ninamjibu kwa ile fomu ya basari. Fomu ya HTML tupu, isiyo na JavaScript hata chembe, imekuwa ikitumwa kwenye seva tangu katikati ya miaka ya 1990, na Opera Mini inaituma bila shida. Kitufe kile hakikuhitaji kazi ya ziada ili kimfikie mama. Kilihitaji kazi ya ziada ili kimzuie. Mtu alikaa, akaongeza mistari ya kukifunga, akakabidhi ufunguo kwa JavaScript. Angeiacha seva ikague, kisha aongeze ule urembo juu kwa wenye vivinjari vinavyouweza, asingepoteza kitu. Na hii si falsafa ya kigeni. M-Pesa ilianza Machi 2007 kwenye menyu ya laini ya simu, na mulika mwizi ilitosha. Huduma ambayo nchi hii inaitegemea kuliko zote ilianza kwa kudai kidogo kabisa kutoka kwa simu ya mteja.

Anakubali fomu. Hakubali ramani, wala mchezo, wala chombo cha kuchorea, na hapo namwachia, maana kuna vitu ambavyo bila uwezo fulani haviwezekani na si dhambi kusema hivyo. Ninachodai kwa mwandishi wa mfano ni kidogo kuliko anavyodhani: aseme wazi ameujaribu wapi, aulize uwezo wala si jina, na asiweke kufuli mahali ambapo aliyenyimwa ufunguo hataona hata sababu. Sentensi moja juu ya msimbo: hii nimeijaribu kwenye Chrome na Firefox za mwaka huu, bila JavaScript fomu bado inatumwa. Anayenakili atanakili na sentensi hiyo pia, kama wale wa basari walivyonakili onyo, na angalau ataambiwa kitu anachoweza kukifanyia kazi.

"Na siku mbili za kujaribu kwenye simu nne," rafiki yangu anauliza, "nani atazilipia? Mteja hana hicho kipengele kwenye mkataba." Hapo tumekwama tangu mwezi wa tatu. Juzi ameanza kuandika hicho kipengele, siku moja badala ya mbili, na anangoja kuona kama mteja atakisaini.